Skii moja kwa mlima mzima: chagua ya siku zako, si ya ndoto zako

Mwezi huu naomba mnivumilie kidogo. Tunaacha joto na foleni za mjini, tunapanda kwenye baridi kali. Msidhani nimezichoka mada za mapenzi na pesa, la hasha! Mada ya leo inavyo vyote viwili, tena kwa wingi.

Wasomaji wetu wanaoishi Ulaya na Marekani ya Kaskazini wamekuwa wakiniandikia, na wengi wao ni wanandoa vijana wenye kazi zao nzuri. Walijifunza kuteleza kwenye theluji mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kufika. Wameshavuka ile hatua ya kuanguka mbele ya watoto wa miaka minne wanaopita kama risasi. Miaka yote wamekuwa wakikodi, sasa wanataka kununua skii zao wenyewe. Wanaingia dukani, wanakuta ukuta mzima umejaa skii za kila rangi, muuzaji anaongea kama redio, na bei zinaumiza. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, na mara nyingi inaishia nyumbani, kati ya mume na mke.

Kwa nini mniulize mimi? Wasomaji wa siku nyingi wanajua kwamba shahada yangu ya mawasiliano niliisomea Salzburg, Austria. Kule, ukimaliza vipindi Ijumaa, Jumamosi asubuhi wenzako wote wako kwenye basi la mlimani. Nilienda nao, nikanogewa, na hadi leo nikipata likizo ya Februari na nauli, narudi. Na mkoa ule ni kama karakana ya skii: kampuni ya Atomic iko Altenmarkt, ya Blizzard iko Mittersill, yote hayo ndani ya mkoa wa Salzburg. Ukikaa huko, hata kinyozi ana maoni kuhusu skii.

Basi leo naongea na wewe ambaye tayari unashuka njia nyeusi bila kusali, miguu ikiwa sambamba, na mara kwa mara unatoka nje ya njia iliyosawazishwa. Kama bado unajifunza kusimama, endelea kukodi kwanza. Zamu yako itafika.

Skii si kitu kimoja

Watu wengi nyumbani wakisikia Mkenya na theluji wanamkumbuka Philip Boit. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi, kwenye kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Zile alizovaa Boit ni skii za safari ndefu: nyembamba, nyepesi, kisigino kiko huru, unatembea na kusukuma.

Baada yake akaja Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria. Mwaka 2018 kule PyeongChang, Korea Kusini, aliiwakilisha Kenya kwenye mchezo wa kushuka milima, ukiwemo ule wa kasi unaoitwa Super-G. Skii za mashindano yale ni ndefu, ngumu na nyembamba katikati, zimetengenezwa kwa theluji iliyogandishwa kama barafu.

Za leo ni aina ya tatu. Dukani wanaziita skii za mlima mzima, na zile zinazoegemea zaidi nje ya njia wanaziita za friraidi. Wazo lake ni skii moja inayoweza kushuka pisti ngumu saa tatu asubuhi, ikaingia theluji mbichi msituni saa tano, ikapita kwenye matuta mchana, na jioni ikakurudisha salama kwenye theluji iliyolowa kama uji. Jozi moja, mlima wote.

Sasa nikwambie ukweli ambao muuzaji hatakwambia: hakuna skii inayofanya yote hayo vizuri kwa kiwango kimoja. Kila skii ya mlima mzima imetoa kitu ili ipate kingine. Kazi yako ni kuchagua upungufu gani unaweza kuishi nao. Walioko kwenye ndoa naona wanatabasamu. Ndiyo, ni hivyo hivyo.

Kiuno ndiyo habari yenyewe

Kama ni mwanamke na umechoka kusikia habari za viuno, pole, lakini hapa hatuna jinsi. Kiuno cha skii ni upana wake katikati, pale chini ya buti, na hupimwa kwa milimita. Namba hiyo itakuambia tabia ya skii kuliko rangi na picha za fuvu walizochora juu.

Chini ya 85 ni skii ya pisti. Inageuka haraka kutoka ukingo hadi ukingo na inang'ata barafu, lakini kwenye theluji mbichi inazama. Kati ya 85 na 95 ni mlima mzima unaopenda pisti. Kati ya 95 na 105 ndipo penye uwanja wetu wa leo, nusu pisti na nusu porini. Kuanzia 106 kwenda juu unaingia kwenye skii za theluji nyingi, na zikifika 115 hivi, hizo ni za siku maalumu.

Kwa nini upana unasaidia kwenye theluji mbichi? Ni kama mtu anayetembea kwenye matope: akivaa viatu vya kisigino chembamba anazama, akivaa malapa makubwa anaelea. Eneo kubwa linagawa uzito wako. Kwa nini basi tusinunue pana kabisa tukamaliza? Kwa sababu kwenye theluji ngumu unasimama kwenye ukingo wa chuma, si kwenye skii nzima. Skii ikiwa pana, ukingo uko mbali na katikati ya mguu wako, hivyo kifundo na goti vinafanya kazi kubwa zaidi kuilaza na kuishikilia. Saa moja hutasikia kitu. Siku ya tatu ya likizo goti litaongea.

Upana huu si wa siku nyingi. Skii za kushukia milima zilikuwa nyembamba na zilizonyooka kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Atomic wakatoa skii nene ya theluji nyingi, na wajuaji wakaicheka wakisema ni ya wazee wasiojua kuteleza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Shane McConkey, mmoja wa mafundi wakubwa wa mchezo huu, akaja na Spatula ya kampuni ya Volant. Ilikuwa na ncha zilizopinda kwenda juu, kwa wazo lililotokana na skii za kutelezea majini. Nayo ilichekwa. Leo karibu kila skii ya friraidi unayoiona dukani imebeba kitu kutoka kwenye wazo lile.

Upinde na roka

Hapa kuna neno lingine watakalokurushia: roka. Lichukulie hivi. Skii ya zamani ukiilaza sakafuni, katikati imeinuka kama upinde, ncha mbili zinagusa chini. Ukisimama juu yake upinde unakandamizwa, na ukingo wote unashika theluji. Hiyo ni raha ya pisti. Skii yenye roka, ncha ya mbele inaanza kuinuka mapema, wakati mwingine na mkia pia. Faida yake ni kwamba pua haichimbi kwenye theluji mbichi, na skii inageuka kirahisi. Hasara yake ni kwamba sehemu ya ukingo inayogusa pisti inapungua, kwa hiyo skii inakuwa kama imefupishwa.

Skii nyingi za mlima mzima zina vyote viwili: roka mbele, upinde chini ya mguu, na roka kidogo nyuma. Unataka kujua ni kiasi gani? Huhitaji shahada. Chukua jozi, zibananishe nyuso za chini zikitazamana, angalia kwa upande. Pale zinapoanza kuachana kuelekea puani ndipo roka inapoanzia. Zikiachana mbali kabisa na ncha, hiyo ni skii ya porini. Zikiachana karibu na ncha, hiyo inapenda pisti. Muuzaji akiona unafanya hivyo, atabadilisha lugha, ataanza kuongea nawe kama mtu mzima.

Angalia pia herufi R na namba iliyoandikwa juu ya skii, mfano R18. Inaonyesha ukubwa wa kona ambayo skii ilikatwa kuifuata, kwa mita. Namba ndogo maana yake kona fupi fupi, namba kubwa maana yake kona ndefu za kasi. Skii nyingi za kundi letu zinacheza kati ya 16 na 21.

Nzito au nyepesi?

Inua skii moja mkononi. Kwenye urefu wa sentimita 180 hivi, nyepesi ina gramu 1,600 au 1,700, nzito inapita 2,100. Tofauti hiyo kubwa mara nyingi inatokana na mbao zilizotumika ndani na kama kuna mabati ya titanali, ambayo ni aloi ya alumini.

Skii nzito yenye bati haitetemeki. Ile theluji ya mchana iliyovurugwa na watu mia tano, yenye vipande na mashimo, inaipita kama basi kubwa kwenye barabara ya vumbi. Lakini inadai mtu mwenye nguvu na mwendo, ukichoka haikuhurumii. Skii nyepesi ni rafiki kwenye kona za msituni na kwa wale wanaopanda kwa miguu kutafuta theluji, ila kwenye theluji iliyovurugwa inarushwa rushwa.

Mifano? Mantra ya Völkl, yenye kiuno cha milimita 96, ni ya upande wa bati: inapenda kasi na mtu anayejua anachofanya. QST 98 ya Salomon, upana karibu sawa, ni ya kuchezea zaidi na haikudai kila sekunde. Ukiangalia namba za kiuno tu utadhani ni mapacha, kumbe tabia mbalimbali kabisa. Matoleo hubadilishwa kila baada ya misimu michache, kwa hiyo soma karatasi ya toleo unalolishika mkononi, usiamini la mwaka juzi.

Chukua kalamu, hesabu siku zako

Sasa tufike kwenye ishu yenyewe. Kosa ninaloliona kwa watu wengi si kutojua namba hizi. Wengine wanazijua kuliko mimi. Tatizo ni kwamba wananunua skii ya siku moja ya ndoto, halafu wanaitumia kwenye siku kumi na nne za kawaida.

Chukua kalamu. Andika siku zote ulizoteleza msimu uliopita. Sema ni 15. Siku ngapi kulikuwa na theluji mbichi ya sentimita 20 au zaidi, na wewe ulikuwepo kabla watu hawajaivuruga? Kwa mfanyakazi wa ofisini anayekwenda wikendi, atakayejibu zaidi ya mbili au tatu ana bahati, au anaishi Utah. Siku ngapi ilikuwa pisti ngumu asubuhi na uji mchana? Siku ngapi ulikuwa na watoto, au na wageni kutoka nyumbani?

Hesabu hiyo ndiyo kiuno chako. Ukiwa Milima ya Alpi ya mashariki, unateleza wikendi na unatoka nje ya pisti kila inapowezekana, mimi nakuelekeza kwenye 92 hadi 100. Ukiwa Colorado, Utah au British Columbia, ambako theluji inashuka mara nyingi na ni kavu, 100 hadi 106 inaleta maana kwa skii ya kila siku. Ukiwa mashariki ya Marekani, Vermont au New Hampshire, ambako barafu ni jambo la kawaida, usione aibu kushuka hadi 88 au 92. Na ile siku moja ya theluji hadi magotini? Kodi. Maduka mengi ya mlimani yana skii pana za kukodisha kwa siku. Utapata raha yako, jioni unazirudisha, na nyumbani stoo inabaki na nafasi.

Zawadi ya mshangao, hapana

Namfahamu dada mmoja anayeishi Innsbruck na mumewe. Wote wawili wazuri kwenye theluji, ila dada, tuseme ukweli, ni mzuri zaidi. Shemeji aliangalia filamu za Alaska usiku kucha, akajinunulia skii ya kiuno 116. Kwa mapenzi yake akamnunulia na mkewe zawadi: skii nzuri za rangi ya waridi, laini, fupi, kwa sababu muuzaji alimwambia hizo ndizo za kina mama. Wikendi ya kwanza pisti ilikuwa ngumu kama saruji. Bwana anahangaika kuilaza ile mitumbwi yake, bibi anatetemeka kila akikimbia. Ilipofika saa nane hawasemeshani. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemharibia siku.

"Dada," aliniambia, "mimi sikukasirikia rangi. Nilikasirika kwamba tumeteleza pamoja miaka sita na hajawahi kuangalia ninavyoteleza."

Hapo ndipo penye somo, wapenzi wasomaji. Skii inachaguliwa kwa uzito wa mtu, urefu wake, kasi yake na uzoefu wake. Jinsia haimo kwenye orodha hiyo. Kampuni nyingi zinatoa matoleo mawili ya familia moja: Nordica wana Enforcer na Santa Ana, Blizzard wana Rustler na Sheeva. Matoleo ya wanawake huwa na urefu mfupi zaidi, na mengine yanapunguzwa uzito au ugumu. Kwa mwanamke mwepesi hiyo ni faida kweli, si urembo. Lakini mwanamke wa kilo 75 anayeteleza kwa nguvu hana sababu ya kuogopa toleo la wanaume, na mwanamume wa kilo 60 hana sababu ya kuona haya kwenye skii laini. Theluji haiulizi.

Kuhusu urefu, kwa mtelezaji wa kiwango chenu anzia usawa wa pua hadi kimo chako mwenyewe. Skii yenye roka nyingi, panda kidogo, hata sentimita tano juu ya kichwa, kwa sababu sehemu inayogusa chini ni fupi. Anayependa misitu na kona za haraka ashuke kidogo. Anayependa kasi uwanja wazi apande.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mwenzio zawadi, mpe siku ya kujaribu. Nendeni wote mlimani kwenye duka linalokodisha skii za majaribio na kuruhusu kubadilisha siku hiyo hiyo. Kila mmoja ajaribu jozi tatu kwenye njia ile ile: moja ya kiuno chembamba kuliko anavyodhani, moja anayoitaka, moja pana zaidi. Jaribuni mchana pia, theluji ikiwa imevurugika na miguu imechoka, maana asubuhi kila skii ni nzuri. Wale wa Innsbruck walifanya hivyo. Bwana ameishia kwenye 98, bibi kwenye 96 yenye bati, na bibi ndiye anayesubiri chini.

Buti na vifungio: msibane pesa hapa

Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua buti. Skii inasikiliza buti, na buti lililolegea linaifanya skii ya bei mbaya iwe kama ubao wa mlango. Nenda kwa fundi anayepima mguu, si anayeuliza namba ya kiatu tu. Kisigino kisiinuke, vidole viguse mbele ukisimama wima na viachane kidogo ukikunja goti.

Vifungio ndivyo vinavyoshika buti, na ndivyo vinavyotakiwa kuliachia unapoanguka ili mguu usivunjike. Nguvu ya kuachia hupangwa kwa uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na aina yako ya utelezaji. Kazi hiyo ni ya fundi wa duka kwa kipimo, si ya shemeji kwa bisibisi. Na tafadhali, msipeane skii na mumeo bila kurekebisha vifungio. Mtu wa kilo 85 na mtu wa kilo 58 hawaachiwi kwa nguvu moja.

Mawili ya kuangalia dukani: breki ya kifungio iwe pana kidogo kuliko kiuno cha skii, la sivyo haitashuka, na soli ya buti lako ikubaliane na kifungio, kwa sababu siku hizi kuna soli za kawaida, za GripWalk na za kupandia milima, na si kila kifungio kinazipokea zote. Fundi akikujibu "itaingia tu", mwulize tena.

Nje ya pisti, mwenzi wako ndiye ambulensi yako

Hapa naacha utani. Skii pana inarahisisha kufika mahali ambapo zamani mtu alihitaji miaka mingi ya uzoefu kufika. Haikupi ule uzoefu. Maporomoko ya theluji mengi ya hatari huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani ile ile inayopendeza kuteleza.

Ulaya wanatumia kipimo cha hatari cha ngazi 1 hadi 5, na taarifa hutolewa kila siku wakati wa baridi. Msidanganywe na namba 3 kwa kuwa iko katikati. Ni hatari kubwa, na watu wengi wanapoteza maisha siku za ngazi hiyo, kwa sababu mlima umefunguliwa, jua linawaka na kila mtu anaona kama mambo shwari.

Mtu akifukiwa, dakika kumi za mwanzo ndizo zenye matumaini makubwa. Baada ya hapo nafasi yake inaporomoka haraka. Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Anayefika ni yule mliyekuwa naye. Kwa hiyo kila mmoja wenu, si mmoja kwa niaba ya wawili, avae kifaa cha kutoa ishara mwilini, abebe koleo na fimbo ya kupekulia, na ajue kuvitumia. Fanyeni kozi pamoja, fanyeni zoezi kila mwanzo wa msimu. Mteremko wenye shaka mshuke mmoja mmoja, mwingine asimame mahali salama akitazama. Austria namba ya uokoaji wa mlimani ni 140, na Ulaya nzima 112.

Ndiyo maana nasema bajeti ya skii za friraidi isiishie kwenye skii. Mkiwa na euro 1,500 kwa mtu mmoja, msizimalize kwenye skii mpya na vifungio halafu mkasema vifaa vya uokoaji mwakani. Nunueni skii za msimu uliopita, ambazo kuanzia Machi hushuka bei vizuri, au za majaribio zilizotumika zenye kingo nzima na uso wa chini usio na mikwaruzo mirefu, na pesa inayobaki iwe ya vifaa na kozi. Skii ya mwaka jana inateleza vile vile. Mwenza aliyefukiwa akiwa hana kifaa, hata umpende vipi, hutajua pa kuchimba.

Kabla hujatoa kadi

Kwa kifupi basi, ukifika dukani uwe na majibu haya mfukoni. Nateleza siku ngapi na kwenye theluji ipi? Nina uzito gani na kasi gani, ya kweli, si ile ya kwenye picha? Naweza kuishi na upungufu upi: kuzama kidogo siku mbili za theluji nyingi, au kuumia goti siku kumi za pisti? Je, skii hii inanipeleka mahali ambapo mwenzangu pia anaweza kwenda na kurudi? Na kifaa cha uokoaji, wote tunacho?

Ukiweza kuyajibu hayo, ukuta wote ule wa skii utapungua hadi jozi tatu au nne, na muuzaji atakuwa msaidizi wako badala ya mchungaji wako. Ukiyajibu pamoja na mwenzi wako, jioni moja, kwenye meza ya chakula, mtakuwa mmefanya kitu ambacho wanandoa wengi hawakifanyi hata kwenye kununua kiwanja: kuambiana ukweli kuhusu mnavyoishi kabla ya kutoa pesa.

Mwezi ujao tunarudi kwenye joto: tutaongelea akaunti ya pamoja benki, nani anashika kadi na nani anashika neno la siri. Mpaka hapo, mbaki salama, na mtelezao huko, msubiriane chini.